Afisa wa uhusiano mwema: Kazi, tabia na mtihani wake wakati wa janga

AFISA wa uhusiano mwema ni mtu aliyeajiriwa kusimama baina ya taasisi na umma. Huisemea taasisi mbele ya wananchi, na wakati huo huo huyasikiliza malalamishi ya wananchi na kuyafikisha kwa wakubwa wake. Wengi humjua kwa upande ule wa kwanza tu: suti, kipaza sauti na taarifa kwa vyombo vya habari. Upande wa pili, ule wa kusikiliza, ndio unaotofautisha mkongwe wa kazi hii na limbukeni.

Katika mji wa Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, kazi hii imekuwa na uzito wa uhai na mauti. Mji huo, ambao jina lake katika lugha ya Gikuyu lina maana ya maji moto, umekaa chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali barabara ya kutoka Nairobi inapogawanyika, moja ikielekea Naivasha na nyingine Narok. Malori ya masafa marefu, abiria wa matatu, watalii wanaokwenda Maasai Mara na wafugaji wote hupitia hapo. Tangu 2019 reli ya kisasa nayo inapita katika eneo hilo. Habari, iwe ya kweli au ya uongo, husafiri kutoka Mai Mahiu kwa kasi ya magari yanayopita.

Makala haya yanaeleza chimbuko la taaluma ya uhusiano mwema, jinsi ilivyokua nchini Kenya, njia anayopitia mtu hadi kuwa mkongwe, tabia anazohitaji, na jinsi matukio ya Mai Mahiu na sehemu za jirani yalivyoipima kazi yake.

Chimbuko

Mwanzo wa taaluma hii katika sura yake ya kisasa huhusishwa na Mmarekani Ivy Lee, aliyezaliwa katika jimbo la Georgia mwaka wa 1877. Kama wengi waliomfuata, Lee alianza kazi akiwa mwanahabari katika magazeti ya New York kabla ya kuvuka na kuanza kuzishauri kampuni kubwa.

Mnamo Oktoba 28, 1906, gari la moshi la kampuni ya reli ya Pennsylvania lilitumbukia majini kutoka darajani karibu na Atlantic City, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Desturi ya kampuni za reli wakati huo ilikuwa kuwafukuza waandishi na kuficha ajali. Lee aliishawishi kampuni ifanye kinyume. Aliandika taarifa ya kilichotokea, akaisambaza kwa magazeti, na waandishi wakasaidiwa kufika mahali pa ajali ili wajionee. Taarifa hiyo hutajwa katika vitabu vingi kuwa ya kwanza ya aina yake.

Mwaka huo huo Lee alitangaza msimamo kwamba kazi yake ingefanywa hadharani, na kwamba mhariri yeyote aliyetaka kuhakikisha jambo angesaidiwa kulihakikisha. Msimamo huo ungali msingi wa taaluma hadi leo.

Hata hivyo, maisha ya Lee yanafundisha pia upande wa pili. Mnamo Aprili 1914 wachimba migodi waliokuwa kwenye mgomo huko Ludlow, Colorado, walishambuliwa pamoja na jamaa zao, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo wanawake na watoto. Lee aliajiriwa na familia ya Rockefeller, iliyokuwa na hisa nyingi katika kampuni ya migodi, ili kulitetea jina lake. Alisambaza makaratasi yaliyokuwa na madai yasiyo ya kweli dhidi ya viongozi wa wafanyakazi. Alipohojiwa na tume ya serikali, alikiri kwamba alikuwa amepokea maelezo hayo kutoka kwa wakuu wa kampuni bila ya kuyachunguza. Mwandishi Upton Sinclair alimbandika jina la mmea wenye sumu.

Mwaka wa 1934, muda mfupi kabla ya kifo chake, Lee alihojiwa tena kuhusu kazi aliyoifanyia kampuni ya kemikali ya Ujerumani, IG Farben, baada ya Wanazi kushika hatamu. Mtu aliyewafungulia wanahabari milango mwaka wa 1906 alifariki jina lake likiwa limechafuka. Ufundi wake haukuwa umepungua. Kilichopungua ni ujasiri wa kuuliza kama alichoambiwa na mwajiri kilikuwa kweli.

Historia ya Kenya

Nchini Kenya kazi ya kuisemea serikali ilianza enzi za ukoloni, na mojawapo ya mifano yake ya kale ilitokea si mbali na Mai Mahiu. Lari iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, upande wa Kiambu. Usiku wa Machi 26, 1953, miezi michache baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau walivamia boma za watu waliohesabiwa kuwa waaminifu kwa serikali ya kikoloni. Zaidi ya watu 70 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto.

Serikali iliwapeleka waandishi kushuhudia, na picha za unyama huo zikaenea ulimwenguni. Lakini usiku huo huo, na katika siku zilizofuata, walinzi na askari waliwaua watu wengi wengine kwa kulipiza kisasi. Mauaji hayo ya pili hayakupewa nafasi katika maelezo rasmi, na wanahistoria wamelazimika kuyafukua miongo mingi baadaye. Yaliyosemwa kuhusu mauaji ya kwanza yalikuwa kweli. Udanganyifu ulikuwa katika yale yaliyonyamaziwa. Wakongwe wa uhusiano mwema hulijua somo hilo: taarifa yaweza kuwa sahihi neno kwa neno na bado ikawa ya kupotosha.

Baada ya uhuru, serikali iliendelea kuwafunza maafisa wa habari, hasa katika Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya (KIMC) iliyoanzishwa 1961. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilianza kufunza uanahabari mwaka wa 1970. Mwaka uliofuata, 1971, kiliundwa Chama cha Uhusiano Mwema cha Kenya (PRSK), ambacho huwaunganisha wenye taaluma hii na kuwawekea kanuni za maadili.

Katika miaka ya 1970 na 1980, kuisemea serikali kulikuwa hasa kuripoti alikokwenda rais na aliyoyasema. Taarifa ya habari ya redio na televisheni ya taifa ilifungua kwa shughuli za rais, na kikosi cha habari cha rais kilikuwa na uwezo mkubwa wa kuamua wananchi wasikie nini.

Anayeikumbusha nchi enzi hiyo kuliko wengi ni Lee Njiru. Alihudumu katika kikosi hicho tangu siku za Mzee Jomo Kenyatta, akaendelea chini ya Daniel arap Moi, na Moi alipostaafu mwishoni mwa 2002 alibaki naye kama msaidizi wake wa habari huko Kabarak, Nakuru, hadi rais huyo mstaafu alipofariki Februari 4, 2020. Njiru alichapisha kumbukumbu zake mwaka wa 2022. Safari yake inaonyesha sifa moja ya wakongwe wa kazi hii, nayo ni udumifu: kumhudumia mtu mmoja kwa miongo kadhaa, akiwa madarakani na akiwa amestaafu, wakati simu zimepungua na wageni wamehesabika.

Mwaka wa 2004 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilianzisha afisi ya msemaji wa serikali, na Dkt Alfred Mutua akawa wa kwanza kuishikilia. Alileta desturi ya vikao vya mara kwa mara na wanahabari, na akaongoza kampeni ya kuwahimiza wananchi kujivunia kuwa Wakenya. Aliondoka 2012 na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa gavana wa Machakos. Wakosoaji wake walidai kwamba alipamba mno mambo ya serikali, nao waliomsifu walisema alikuwa amewafundisha Wakenya kutarajia majibu. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba baada yake haikuwezekana tena serikali kukaa kimya kwa wiki nzima bila ya watu kuuliza aliko msemaji.

Njia ya kuingia kazini

Hakuna mlango mmoja wa kuingilia katika kazi hii. Wengi wa kizazi cha kwanza walitoka katika vyumba vya habari, ambako walikuwa wamejifunza kuandika kwa haraka, kuuliza maswali na kuheshimu saa ya mwisho ya kukabidhi habari. Wengine walitoka katika ualimu, na wengine katika utawala wa mikoa, ambako mkuu wa tarafa au chifu alilazimika kuyajua mabaraza na wazee wake.

Siku hizi vijana husomea shahada ya mawasiliano katika vyuo vikuu na kuajiriwa moja kwa moja. Huanza kwa kazi ndogo: kukusanya habari za magazetini kila asubuhi, kuandika hotuba zitakazosomwa na wengine, kupanga viti vya wageni na kujibu barua za malalamishi. Wengi huona kazi ya kujibu barua kuwa ya kuchosha. Mkongwe huikumbuka kuwa shule yake, kwa sababu hapo ndipo alipojua watu wanakasirishwa na nini.

Mfumo wa ugatuzi ulioanza 2013 uliongeza sana nafasi za kazi hii. Kila mojawapo ya kaunti 47 ina kitengo cha mawasiliano, na hivyo hivyo mashirika ya maji, ya barabara na ya umeme, hospitali kubwa na vyuo. Katika Kaunti ya Nakuru pekee kuna mashamba ya maua ya Naivasha, mitambo ya mvuke ya Olkaria, mbuga za wanyama na viwanda, na kila mmoja wa waajiri hawa huhitaji mtu wa kueleza shughuli zake kwa majirani.

Wingi wa nafasi umeleta tatizo lake. Katika afisi nyingi za kisiasa cheo cha afisa wa mawasiliano hupewa mtu aliyempigia debe mkubwa wakati wa uchaguzi. Mtu wa aina hiyo hujua kusifu na kujibizana mitandaoni, lakini maji yanapoingia katika nyumba za watu hajui ampigie nani simu.

Tabia za mkongwe

Tabia ya kwanza ni kusikiliza. Afisa aliyekomaa huingia sokoni, hukaa na madereva wa malori, hunywa chai kibandani na kujua fununu kabla ya kuifikia afisi. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtaalamu wa uhusiano mwema huichukulia fununu kama dalili: hata ikiwa ni ya uongo, ipo sababu iliyowafanya watu waiamini.

Ya pili ni uwezo wa kumwambia mkubwa asiyotaka kuyasikia. Afisa ambaye husema ndiyo kwa kila jambo ni sawa na kioo kinachomwonyesha mtu sura anayoitaka. Mkongwe huingia katika afisi ya mkurugenzi, hufunga mlango na kumweleza kwamba taarifa anayotaka kuitoa haitaaminika. Akitoka nje hulinda heshima ya mkubwa huyo. Adabu hiyo ya kusema kwa siri na kutetea hadharani ina mpaka wake, na mpaka huo ni uongo. Anayeamrishwa kusema uongo ana mambo mawili tu ya kuchagua, kukataa au kuondoka.

Ya tatu ni kujua kusema kwamba jambo halijajulikana. Mnamo Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways iliyokuwa ikitoka Douala, Cameroon, kuja Nairobi, ilianguka dakika chache baada ya kupaa. Watu wote 114 waliokuwa ndani walifariki. Kwa muda wa zaidi ya siku moja mabaki yake hayakuonekana, kwani wasakaji walielekezwa mwanzoni katika misitu iliyo mbali na uwanja, ilhali ndege ilikuwa kinamasini kilomita chache tu kutoka hapo. Mkurugenzi Mkuu Titus Naikuni alijitokeza mwenyewe mbele ya wanahabari, mara kwa mara, akieleza yaliyothibitishwa na kukiri yale ambayo bado hayakujulikana. Mfano huo umetajwa sana na wafunzi wa taaluma hii humu nchini.

Kinyume chake kilionekana wakati wa shambulizi la jumba la Westgate, Nairobi, Septemba 21 hadi 24, 2013, ambapo watu 67 waliuawa na magaidi. Zaidi ya mara moja ilitangazwa kwamba jumba lilikuwa limedhibitiwa, ilhali milio ya risasi na moshi viliendelea. Kila tangazo lililokanushwa na hali halisi lilipunguza uzito wa tangazo lililofuata.

Tabia ya nne ni ufasaha wa lugha za watu. Mai Mahiu huishi Wakikuyu, Wamaasai na watu wa jamii nyingine nyingi, wakiwamo waliohamia huko baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mnamo Januari 2005 mzozo wa maji ya mto Ewaso Kedong uligeuka mapigano baina ya wakulima na wafugaji, watu wakauawa na maelfu wakayahama makwao. Katika mahali pa namna hiyo neno moja lililotafsiriwa vibaya laweza kuwasha moto. Afisa mwenye busara hutumia Kiswahili sanifu na chepesi, kisha huhakikisha kwamba wazee wa kila upande wamelipata neno lile lile, kwa wakati ule ule.

Ya tano ni utaratibu. Mkongwe ana daftari lenye majina ya machifu, wazee wa nyumba kumi, wahudumu wa Msalaba Mwekundu, wakuu wa hospitali na wahariri wa redio zinazotangaza kwa lugha za mama. Daftari hilo halitengenezwi siku ya msiba.

Ufa wa 2018

Mnamo Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mrefu ulitokea katika eneo la Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Sehemu nyingine kina chake kilikadiriwa kufika mita 15. Picha zilienea ulimwenguni kote, na vyombo vingi vya kigeni vikatangaza kwamba bara la Afrika linapasuka vipande viwili.

Jambo hilo lina ukweli wake wa mbali. Mabamba ya ardhi katika Bonde la Ufa yanaachana kwa milimita chache kwa mwaka, na huenda baada ya makumi ya mamilioni ya miaka bahari ikaingia. Lakini wataalamu kadhaa wa jiolojia walieleza kwamba kilichoonekana Suswa kilitokana hasa na maji ya mvua kuusomba udongo laini wa majivu ya volkano, na kufunua mianya iliyokuwa imefunikwa tangu zamani.

Kwa mkazi wa hapo swali lilikuwa dogo na la haraka: je, nyumba yangu itamezwa? Je, barabara itapitika? Halmashauri ya Barabara Kuu (KeNHA) iliijaza sehemu iliyokatika kwa mawe na zege, na magari yakapita. Kazi ya mhandisi ilionekana kwa macho. Maelezo ya kitaalamu kuhusu ni wapi salama kujenga na wapi si salama yalihitaji kuelezwa kwa subira, katika mabaraza, wakati ambapo dunia nzima ilikuwa ikijadili mabara. Hapo ndipo afisa wa uhusiano mwema hupimwa, kwa kuwa anayemhudumia kwanza ni yule aliye karibu na ufa.

Mafuriko ya 2024

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja alfajiri ya Jumatatu, Aprili 29, 2024. Maji yaliyobeba matope, mawe na miti yaliteremka kutoka upande wa Kijabe na kukikumba kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, watu wakiwa usingizini. Nyumba zilisombwa na barabara ikakatika. Idadi ya waliofariki iliyotajwa siku hiyo ya kwanza ilikaribia 50, na miili iliendelea kufukuliwa kwa siku kadhaa.

Habari ya kwanza iliyosambaa ilisema kwamba bwawa la Kijabe lilikuwa limepasuka. Watu waliiamini upesi, na walikuwa na sababu. Katika kaunti hiyo hiyo, usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel huko Solai lilikuwa limevunja kingo zake na kuwaua watu 48. Tangu hapo, kwa mkazi wa Nakuru, maji yanayokuja usiku yana jina moja.

Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba bwawa hilo halikuwa limepasuka. Maji ya mvua yalikuwa yamekusanyika nyuma ya njia ya chini kwa chini inayopita chini ya reli ya zamani, iliyokuwa imezibwa na takataka, matope na magogo, hadi nguvu zake zikaibomoa.

Kwa aliyempoteza mtoto, tofauti baina ya bwawa na mtaro uliozibwa yaweza kuonekana kuwa ya maneno matupu. Sivyo. Likiwa ni bwawa, wanaopaswa kuhama ni waishio chini ya mabwawa, na anayepaswa kujibu ni mwenye bwawa. Ikiwa ni njia ya maji iliyozibwa chini ya reli, hatari iko chini ya kila tuta la reli na kila kalvati kando ya ukingo wa Bonde la Ufa, na maswali yanaelekezwa kwa wenye jukumu la kuizibua. Neno moja katika taarifa huamua nani ahame usiku huo na nani aulizwe kesho yake.

Jambo jingine lilikuwa limeidhoofisha imani ya umma tangu mwaka uliotangulia. Baada ya wananchi kutahadharishwa kwa miezi kadhaa kuhusu mvua za El Nino, waliambiwa Oktoba 2023 na viongozi wa juu serikalini kwamba El Nino haingekuja na kwamba mvua ingekuwa kubwa tu kidogo kuliko kawaida. Majuma machache baadaye mafuriko yaliwaua zaidi ya watu 100 nchini. Wataalamu wa hali ya hewa huzungumza kwa lugha ya uwezekano. Anayeitafsiri lugha hiyo kuwa ndiyo au la kwa ajili ya jukwaa huwaachia wananchi madhara.

Siku chache baada ya msiba wa Mai Mahiu, Wizara ya Usalama wa Ndani iliwaamuru watu waishio karibu na mabwawa 178 katika kaunti 33 wahame kwa muda wa saa 24. Amri hiyo iliwafikia watu ambao baadhi yao walikuwa wamesikia tahadhari nyingi zisizotimia, na ahadi za usalama zilizovunjika. Utiifu kwa tangazo la namna hiyo hutegemea akiba ya imani iliyowekwa miaka mingi nyuma, wakati wa jua.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza jinsi ya kuitumia haki hiyo. Afisi ya umma iliyoombwa habari hupaswa kuamua ombi hilo kwa muda usiozidi siku 21. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda huo ni saa 48 tu. Anayenyimwa aweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kwa hiyo mkazi wa Mai Mahiu anayetaka kujua kama mtaro ulio juu ya kijiji chake umekaguliwa haombi hisani. Afisa wa uhusiano mwema anayeijua sheria hiyo huitumia pia ndani ya afisi, kwa kuwakumbusha wakubwa kwamba kunyamaza nako ni kosa. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtaka awe mwangalifu na habari za watu binafsi. Majina ya marehemu hayapasi kutangazwa redioni kabla ya jamaa zao kuarifiwa, na picha za waliofiwa si mapambo ya taarifa ya mkubwa aliyewatembelea.

Mipaka ya kazi

Ni kosa kudhani kwamba uhusiano mwema waweza kulisafisha jambo lililooza. Mwaka wa 1982 watu 7 walifariki katika eneo la Chicago, Marekani, baada ya kumeza dawa ya Tylenol iliyotiwa sumu na mtu asiyejulikana. Kampuni ya Johnson & Johnson iliondoa madukani takriban chupa milioni 31, kisha ikairejesha dawa hiyo katika vifungashio vigumu kuchezewa. Wafunzi wa taaluma hii husifu taarifa zake, lakini kilichookoa jina la kampuni ni kitendo cha kuziondoa chupa. Maneno yalifuata kitendo.

Hali ni hiyo hiyo Bondeni. Taarifa nzuri kuhusu njia za maji chini ya reli haiwezi kuchukua nafasi ya watu wenye sepetu wa kuzizibua kabla ya mvua za Machi. Afisa mkongwe husema hivyo katika vikao vya bajeti, mwezi wa Oktoba au Novemba, wakati ambapo hakuna mwanahabari mlangoni. Akisikilizwa, huenda hakuna atakayejua kwamba alifanya kazi. Asiposikilizwa, ndiye atakayesimama mbele ya kipaza sauti mvua ikishanyesha, na wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kilio humfichua.

Wanaotaka kuingia katika taaluma hii hushauriwa wajifunze kuandika vizuri, wajue lugha zaidi ya moja, na wajiunge na chama cha wenzao kilicho na kanuni za maadili. Nao wananchi wana maswali manne ya kumuuliza msemaji yeyote anapotoa taarifa ya hatari: ni nini kilichothibitishwa, nani aliyekithibitisha, ni nini ambacho bado hakijulikani, na taarifa nyingine itatolewa saa ngapi. Msemaji anayeyajibu yote manne anaijua kazi yake. Anayelikwepa la tatu ndiye wa kuchunguzwa zaidi.